Dakika Mbili za Rangi Nyekundu

Karakana, 3 Oktoba

Mjukuu wangu mpima giza,

Mkono unaokusalimu ni ule wenye kovu la moto, maana ule mwingine umeshika kikombe. Mimi mzima, ukiacha magoti, ambayo siku hizi hugoma kila yanapoona ngazi. Paka wa karakana amezaa tena na bado hajataja baba. Mwenye duka la viatu ng'ambo ya barabara ameagiza bango jipya la taa, kiatu cha kike chenye kisigino, na mama yako amekipinda vizuri mpaka mimi mwenyewe nikatamani kukijaribu.

Haya, tumfikie mama yako. Jemadari hajambo. Hakuulizii. Jana aliniambia mara mbili kwamba nikikuandikia nikwambie hakuulizii, na leo asubuhi akanikumbusha.

Najua yaliyosemwa siku ile ulipoondoka. Nilikuwepo, nimekalia mtungi wa gesi. Alikuambia, "Ukipanda basi hilo, usiniandikie." Nawe, kwa kuwa ni mwanawe hasa, ukapanda na hukumwandikia. Miaka miwili sasa. Kila Ijumaa anakwenda posta, anasema anafuata stempu. Tuna stempu za kufunika ukuta mzima. Barua yako ikiwepo anakuja nayo, anaitupa mezani kwangu kama ankara ya maji, kisha anaanza kufagia.

Sasa swali. Wateja wananiuliza mjukuu wako anafanya kazi gani, nawaambia analipwa kutazama giza. Wanacheka, nami nacheka nao, lakini kichwa kinabaki kinawasha. Mara ya mwisho uliandika kwamba mnahangaika kuipima nyekundu ya angani. Nyekundu! Bibie, nyekundu ndiyo rangi ya wavivu. Nimepinda mirija ya mabango miaka arobaini na minane. Unapasha kioo, unakipinda, unafyonza hewa yote kwa pampu, unatia gesi ya neoni kidogo, unapiga umeme, na mtaa mzima umekuwa mwekundu kabla hujafuta jasho. Bluu ndiyo kazi. Kama nyekundu imewashinda na vyeti vyenu vyote, niiteni nije na ngazi.

Nieleze kwa maneno ya mtu aliyeishia darasa la tano, tena aliyekuwa anakaa nyuma.

Babu yako,
fundi mstaafu anayekuja kazini kila siku


Kituoni, 29 Oktoba

Babu yangu mchokozi, shikamoo.

Barua yako imekaa njiani siku ishirini na moja. Gari la vifaa ndilo linaloleta barua, na linakuja njia ikiruhusu. Mimi mzima. Chumba changu kina dirisha moja, jiko la umeme la jicho moja, na kiti kimoja ambacho mkuu wa kituo hukikalia akija, nami hukaa kitandani kama mgonjwa. Baridi imeanza kung'ata masikio.

Kwako nyekundu ni rahisi kwa sababu umefunga neoni ndani ya mrija. Sisi hatuna neoni. Tuna oksijeni, hii hii unayoivuta hapo ulipo, na iko juu sana.

Inakuwa hivi. Kuna chembe zinazotoka kwenye jua. Zinashuka kwa kasi, zinazigonga atomu za oksijeni huko juu. Atomu iliyogongwa inabaki imebeba nguvu, kama mtu aliyepewa habari asiyoweza kukaa nayo. Inaweza kuitoa kwa mwanga, ila si papo hapo. Ikiwa mwanga utakuwa wa kijani, inangoja chini ya sekunde moja. Ukiwa mwekundu, inangoja karibu dakika mbili.

Dakika mbili, Babu. Na katika kungoja huko, jirani akija akaipiga kumbo, inampa ile nguvu, jirani anaondoka mbio zaidi, basi. Mwanga haupo. Sisemi umezimika, maana haukuwahi kuwaka. Umekuwa joto tu.

Kilomita mia moja kwenda juu, atomu moja inapigwa kumbo mara elfu kadhaa kila sekunde. Kijani kinaponyoka hapo kwa kuwa hakikawii, na si kila kumbo huipokonya atomu nguvu yake. Nyekundu haiponyoki. Ndiyo maana mapazia ya mwanga yanayotanda angani usiku huku karibu na ncha ya dunia ni ya kijani chini, na nyekundu iko juu kabisa, kilomita mia mbili na zaidi, ambako atomu ni chache kiasi kwamba moja inaweza kuachwa ikamaliza kungoja. Hata huko nyingi hazifiki. Nyekundu yote unayoiona ni ya zile zilizoachwa.

Mimi napima nyekundu hiyo ili kujua upepo wa huko unavuma kwenda wapi. Ndiyo, kuna upepo. Nilipoambiwa mara ya kwanza sikulala.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Wote.

Mjukuu wako


Karakana, 24 Novemba

Mjukuu wangu,

Sisi wazima. Paka wadogo wamefumbua macho, na mimi yangu ndiyo yanafumba. Usishtuke. Ni ukungu tu umeingia, herufi zinacheza. Kuandika naweza, mkono unajua njia, ila kusoma nimeshindwa kabisa. Kwa hiyo barua yako nimesomewa na Jemadari. Hakutaka. Nikamwambia basi nitampelekea mwenye duka la viatu anisomee, mtaa mzima ujue mambo yetu. Akanipokonya.

Alisoma kama mtu anayesoma masharti ya mkopo. Alipofika kwenye dakika mbili akasimama.

"Dakika mbili," akasema. "Nani kazihesabu?"

"Mwanao."

"Sijakuuliza mwana wa nani. Nimekuuliza nani."

Akamaliza kusoma, akaiweka barua kwenye droo ya vifaa vyake, si yangu. Kesho yake nafika karakana namkuta amewasha moto kabla yangu, ana mrija mnene kama kifundo cha mkono. Ameazima oksijeni kwa fundi wa kuchomelea magari. "Nataka kuiona hiyo nyekundu," akasema. Nikampisha. Mtu akishika moto, mimi huwa nina adabu.

Akafyonza hewa, akatia oksijeni kidogo, akapiga umeme. Mrija ukatoa rangi ya maziwa yaliyomwagikiwa wino. Angalau ndivyo alivyosema yeye, mimi na macho haya nitajuaje. Akafyonza zaidi. Maziwa yaleyale, hafifu zaidi. Akafyonza tena, mrija ukafa. Siku tatu tulikuwa hivyo, bango la kiatu limelala, mwenye duka anachungulia mlangoni.

Siku ya nne akaweka koleo chini. "Ni kuta," akasema. "Atomu ikikosa jirani wa kuigonga, inagonga kioo. Haiwezi kukaa dakika mbili humu bila kugusa upande wowote."

"Basi tengeneza mrija mpana zaidi," nikamwambia.

"Mpana kiasi gani, Baba?"

Akatazama dari, akaendelea kutazama kama dari haipo. Mimi nimeishi na mtu huyu tangu ana meno mawili, na sijawahi kumwona ameshindwa na kazi akabaki amefurahi. "Hakuna karakana ya kutosha," akasema. "Imebidi waiweke nje."

Hakuulizii.

Babu yako


Kituoni, 18 Desemba

Babu yangu, shikamoo. Na anayekusomea, shikamoo.

Nimesoma habari za macho yako nikiwa nimesimama koridoni, nikakaa chini palepale. Kwa nini hukuniambia mapema? Ukungu wa macho hauanzi siku moja. Najua hutakwenda hospitali mpaka mtu akukamate mkono, na unayeishi naye una namna ya kumkimbia. Kwa hiyo nakuja mimi.

Nimeshazungumza na mkuu wa kituo. Nikiondoka katikati ya msimu wa giza, miezi hii ya usiku mrefu, nafasi yangu atapewa mwingine, hilo amelisema waziwazi, na hakulisema kwa ubaya. Nimekubali. Kuna gari linatoka mwanzoni mwa Februari. Na ukweli ni kwamba hata nikibaki sina kazi ya maana. Taa yetu ya kulinganishia imekufa. Ni mrija mdogo wa neoni, ulionyooka, urefu wa kiganja. Kila jioni kifaa changu kinautazama kwanza, maana nyekundu moja ya neoni inakaa jirani kabisa na nyekundu ya oksijeni. Bila huo, vipimo vyangu ni mizani isiyo na jiwe. Mwingine utaletwa Aprili, giza likiwa limekwisha.

Msomaji, ukifika hapa kunywa maji kidogo. Yanayofuata ni marefu.

Babu, kuna kitu nataka ukione kabla macho hayajafunga kabisa, na hakihitaji kuja huku. Kiko juu ya bati la karakana. Mchana jua linazipasua molekuli za oksijeni huko juu, atomu zinabaki mojamoja. Usiku zinatafutana. Lakini mbili zikikutana peke yake haziwezi kushikana. Nguvu ya kukutana ni nyingi mno, zinaachana hapohapo. Lazima wa tatu awe anapita, agongwe naye, aondoke na sehemu ya nguvu hiyo. Hapo ndipo mbili zinabaki pamoja. Na bado zinatetemeka, na zikiigusa atomu nyingine zinaipa kilichozidi, nayo inatoa mwanga wa kijani.

Unaona? Kugongana kulekule kunakoua nyekundu yangu ndiko kunakoizaa taa hii. Inawaka usiku kucha, dunia nzima, hata pasipo mapazia. Ni hafifu, rangi yake jicho haliipati. Ila siku taa za mtaa zikizimika na mwezi haupo, inua mkono juu uutazame.

Nakuja.

Mjukuu wako


Karakana, 12 Januari

Usipande gari.

Soma hapo juu mara mbili, kisha ndiyo tusalimiane. Hatujambo. Nimekamatwa.

Macho yangu hayana ukungu. Hayajawahi kuwa nao. Kutoka hapa mezani nasoma bei za viatu vya ng'ambo, pamoja na zile alizozifuta. Nilidanganya kwa sababu kila nikisoma barua zako mama yako alikuwa anafagia palepale nilipokaa. Karakana ina pembe nne, kwa nini iwe safi pembe moja tu? Nikaona nimrahisishie. Na wewe nisingeweza kukwambia ukweli, maana jibu lako angelisoma yeye. Ulikuwa mpango mzuri sana mpaka ulipokuwa na huruma.

Alisoma barua yako hadi pale ulipomwambia msomaji anywe maji. Lakini alikuwa ameshakauka tangu pale pa nafasi kupewa mwingine. Akanywa bilauri nzima, akarudi, akafungua mdomo, sauti haikutoka. Nikamwambia endelea. Akaishika tu karatasi. Basi na mimi hamu imenishika, nikamnyang'anya karatasi nikasoma kwa sauti, bila miwani, atomu zote mpaka kwenye sahihi. Ndipo nikajua nimefanya nini.

"Baba," akasema taratibu. "Umeona."

"Muujiza," nikamwambia.

Akanirushia mpira wa kupulizia, ule tunaoubana mdomoni tukipinda kioo, ukanipata sikioni. "Miezi miwili unanisomesha kama mtoto wa shule!"

"Na ulikuwa unasoma vizuri."

"Mtoto anaacha kazi kwa uongo wako!"

"Basi mwandikie asiache."

Hapo akakaa. Akauokota ule mpira, akawa anaukunja. "Mimi ndiye niliyesema asiniandikie," akasema. "Nitaanzaje?"

Mimi niliishia la tano. Swali hilo hufundishwa darasa la sita.

Akaukunjua mpira, akasema, "Amesema urefu wa kiganja. Kiganja cha nani?"

Mrija wa kwanza ulitoka na mkia uliopinda mwishoni, maana mkono wa mtu wa mabango haujui kukiacha kioo kimenyooka. Wa pili ulipasuka. Wa tatu akaupuliza mwenyewe pole pole, akaupasha, akaufyonza tangu asubuhi mpaka jioni, akatia neoni. Ulipowaka akaenda kutafuta kopo. Umo kwenye kopo hili, umelazwa katika unga wa mbao. Uwashe kabla hujanitukana.

Na jambo la mwisho. Juzi umeme ulikatika mtaa mzima. Jemadari akasema twende juu ya paa. Magoti yalipiga kura ya hapana, yakashindwa. Nikainua mkono kama ulivyosema.

Mjukuu wangu, mkono ulikuwa mweusi kuliko mbingu.

Vidole vitano vyeusi, naviona vizuri, na nyuma yake kitu kisicho cheusi. Miaka sabini na sita nimekuwa nikisema usiku ni giza, na kumbe muda wote limewashwa! Mimi, fundi wa taa! Hakuna transfoma, hakuna waya, hakuna aliyepanda ngazi. Nilijisikia mdogo, na nilijisikia vizuri, sijui kwa nini hayo mawili yalikuja pamoja. Mama yako naye akainua wake. Tukasimama hivyo kama watu wanaojisalimisha kwa polisi.

Mwenye duka la viatu akapaza sauti kutoka chini, "Kuna nini huko juu?"

"Kuna kazi!" Jemadari akamjibu, na hakushusha mkono.

Babu yako mwenye macho


Kituoni, 6 Februari

Babu yangu mwongo, shikamoo hata hivyo.

Gari lililoleta kopo lenu ndilo lililokuwa linichukue. Begi langu lilikuwa mlangoni, kitanda nimeshakitandua. Dereva alinipa barua huku akiliinua begi. Nikasoma mstari wa kwanza, nikamwambia alishushe. Nikasoma ukurasa wa pili, nikatamani apande mtu mwingine aje akuchape. Sijakusamehe. Nikikusamehe nitakujulisha.

Mkuu wa kituo ameniachia nafasi yangu, kwa kuwa mwingine bado hakuwa amefika, na kwa kuwa sasa tuna taa. Nimebaki.

Mrija umefika mzima. Tumeufunga jioni ileile. Nyekundu imekaa pale inapotakiwa, na vipimo vyangu vimepata jiwe lake. Usiku uliofuata upepo wa huko juu ulikuwa unakwenda kaskazini, nami niliweza kuusema huku nikiwa na hakika.

Kuna jambo moja. Kituo kina kifaa kingine kinachotandaza mwanga wowote ukauona umegawanyika mistarimistari, kila gesi na mistari yake. Tuliujaribu mrija ndani yake. Mistari ya neoni yote ipo. Lakini kuna mmoja zaidi, mwembamba, mwekundu wa kina. Fundi wa vifaa akasema, "Huu haukusafishwa vizuri. Kuna unyevu umebaki kwenye kioo."

Mirija yao hutoka kiwandani, Babu. Hakuna mdomo uliowahi kuigusa. Hajui kwamba kwenu hupulizwa.

Mstari huo uko mbali na wetu, haudhuru kipimo chochote. Ila kila jioni, kabla ya kazi, naweka mrija pale kwanza niutazame. Ni pumzi ya mama. Imesafiri wiki tatu na bado inawaka.

Mwambie aliyeutengeneza asante.

Mjukuu wako


Karakana, 1 Machi

Mjukuu wangu,

Hatujambo, au tuseme mimi sijambo, kwa sababu kufikia utakaposoma hii mwenzangu atakuwa kwako.

Siku hizi tunasomeana kwa zamu. Uongo umekwisha, mazoea yamebaki. Zamu ilikuwa yangu. Nikafika pale pa fundi wenu wa vifaa.

"Rudia," akasema.

"Haukusafishwa vizuri."

"Mrija wangu?"

"Lakini sikiliza anavyoendelea, anasema haudhuru..."

"Haudhuru ni neno la mafundi wabaya! Miaka ishirini na sita hakuna mteja aliyenirudishia mrija. Unyevu! Mbele ya watu!"

Nikamsomea yaliyobaki, yale ya pumzi, akiwa anatafuta koti. Alinipa mgongo. Koti lilikuwa mkononi mwake, na aliendelea kulitafuta muda mrefu.

Kesho yake akatengeneza mrija mwingine, akaupasha mara tatu, akaufyonza siku mbili. Akasema kitu kama hicho hakitumwi kwa posta, kinapelekwa na fundi mwenyewe akakifunge. Nikamwambia ni kweli kabisa. Nikamwambia hata mimi ningeenda. Akaniuliza kama huko ni baridi sana, nikamwambia mimi nitajuaje, muulize anayeishi huko. Akafunga begi.

Alitaka twende wote. Nikasingizia magoti. Magoti yangefika, nimeyakataza. Najua unangoja niseme neno kuhusu wa tatu anayeondoka na joto ili wawili washikane. Sisemi. Atomu haiachwi na paka sita wa kulisha na mwenye viatu anayedai bango lake.

Barua yako ya mwisho haimo kwenye droo. Ameitia ndani ya blauzi akidhani macho yangu yamepata ukungu tena.

Mpokee. Ataanza kwa kukukosoa.

Babu yako


Kituoni, 20 Machi

Babu, shikamoo.

Amefika wiki iliyopita. Mrija alikuwa ameupakata njia nzima, dereva anasema hakumruhusu hata kuuona. Alishuka, akanitazama kuanzia kichwani hadi viatuni, akasema, "Uko wapi ule mchafu?"

Nikampeleka. Nikamwonyesha ule mstari mwembamba. Akainama akautazama mpaka nikaogopa kwamba ameumia mgongo.

"Huu ndio mimi?"

"Ndiyo."

"Mbona mwembamba hivi."

Akaufunga ule mpya kwa mikono yake. Ni safi, Babu, hauna kitu ila neoni. Fundi wa vifaa sasa anamwita mwalimu na anaogopa kupiga chafya karibu yake. Ule wa zamani nimeuficha. Ameuliza mara mbili uko wapi, nami nimejifanya sisikii.

Siku tano tulizungumza habari za kioo tu. Moto wa kioo, unene wa kioo, kioo cha huku na cha huko. Tulikuwa tunalala chumba kimoja, yeye kitandani, mimi sakafuni, na hakuna aliyesema jambo lenye mtu ndani yake.

Jana usiku vifaa vikaanza kupiga kelele. Nikamwamsha, tukatoka nje. Theluji ilikuwa imeganda, inalia chini ya viatu. Kijani kilikuwa kimeshaanza, kinakwenda upande mmoja wa mbingu hadi mwingine, kinajikunja kama kioo kilichopata moto. Nilifikiri atashangaa hicho. Akakitazama kama fundi anayetazama kazi ya fundi mwenzake, akatikisa kichwa. Kisha juu ya kijani, juu kabisa, ikaja. Haikuwa na mwanzo. Mahali palipokuwa peusi pakawa pekundu, pakapanuka bila kuharakisha, mpaka nyota zikawa zinaonekana kupitia nyekundu na sisi wawili tuko chini yake, na theluji nayo imebadilika rangi.

Mama alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ile ndiyo inayongoja?"

"Ndiyo, Mama."

Akaanza kuhesabu. Unajua anavyohesabu kioo kikiwa juu ya moto, kwa sauti ya chini, midomo haifunguki vizuri. Moja, mbili, tatu. Nikataka kumwambia kwamba atomu hazianzi pamoja, kwamba hizo anazoziona zilikwisha kungoja kabla hajaanza kuhesabu, kwamba sekunde hasa ni mia na kumi. Nimesomea jambo hilo miaka saba. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Nikaufunga.

Akapita ishirini. Akapita sitini. Kijani kikashuka, kikavunjika, kikaondoka. Nyekundu ikabaki. Tisini. Mia. Sikusogea hata mguu, kwa sababu theluji ingelia. Sijui alipata wapi namba, labda nilikuwa nimewahi kukuandikia, labda ni pumzi ndiyo iliyomwishia, lakini alipofika mia na kumi akaacha kuhesabu. Alikuwa bado anatazama juu.

"Nilikosea," akasema. "Kukwambia usiniandikie. Nilikosea siku ileile, basi halijafika hata kona."

Nilikuwa na maneno ya miaka miwili, Babu, nimeyapanga vizuri, mengine makali. Sikutoa hata moja. Nilimwacha amalize.

Halafu akaniambia nivae kofia, masikio yangu yamekuwa mekundu.

Nikavaa.

Mjukuu wako